Nani katunga? Hadithi ya baiti 128

Najua nimepotea. Majaribio yamefuatana, bumu limechelewa, na maandalizi ya TP ndiyo hayo yameanza kutukimbiza. Leo nimepata saa mbili tatu za utulivu kabla umeme haujafanya mambo yake, kwa hiyo naomba mnivumilie, hii ni ndefu kidogo.

Jambo lenyewe limeanzia kwenye kozi yetu ya vyombo vya kufundishia. Tumepewa kazi ya vikundi: andaa kipindi cha historia cha dakika 40 kwa Kidato cha Nne, tumia sauti na picha, na chini ya kila sauti na kila picha andika nani aliitengeneza. Inaonekana kazi ya dakika tano. Kikundi chetu kikachagua mabadiliko ya jamii baada ya Uhuru, tukaamua kutumia muziki wa dansi na taarab. Nyimbo tulizikusanya kutoka kwenye simu na flashi za watu hapa hosteli, 23 ndani ya nusu saa. Mwenzetu mmoja, fundi wetu wa mambo ya kompyuta, akasema kazi imeisha, majina si yamo humohumo ndani ya faili, ni kunakili tu.

Tukafungua. Nyimbo tisa ziliandikwa "Msanii Asiyejulikana". Tano zilikuwa na anwani ya tovuti iliyozipakia. Moja, mahali pa jina la msanii, ilikuwa na namba ya simu ya jamaa aliyekuwa akichoma CD! Zilizobaki zilikuwa na jina la bendi au la mwimbaji. Mtunzi je? Hakuna hata wimbo mmoja uliomtaja.

Wenzangu walicheka. Mimi nilibaki na swali, maana mwanafunzi wa historia akiona pengo hulala akiwaza limeanza lini. Simu ile ile inayokumbuka picha ilipigwa saa ngapi na kwa kamera gani, iweje isijue nani katunga wimbo? Nimesoma wiki nzima, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata. Kwa kifupi, jina la mtunzi halikupotea njiani kwa bahati mbaya. Ile aina ya faili tunayoipenda kuliko zote haikutengewa mahali pa kuliweka.

Tuanze na CD. CD za muziki ziliingia sokoni mwaka 1982, na watu wengi hawajui kwamba CD ile ya kawaida haina jina la wimbo hata moja ndani yake. Ina namba za nyimbo na muda wa kila wimbo, basi. Majina yote yalikuwa kwenye kijitabu cha karatasi ndani ya kasha. Mwaka 1996 ilikuja nyongeza ya kuweka maandishi ndani ya CD, lakini wengi hawakuijali.

Sasa watu walipoanza kuhamishia CD kwenye kompyuta, majina yalitoka wapi? Yaliandikwa na watu kwa mkono. Miaka ya 1990, Ti Kan na Steve Scherf kule Marekani walianzisha hifadhidata iliyoitwa CDDB. Kompyuta ilisoma urefu wa nyimbo zote kwenye CD, ikapiga hesabu na kupata namba moja ya utambulisho, kisha ikaiuliza hifadhidata: unaijua CD hii? Kama yupo mtu duniani aliyewahi kuiingiza, majina yanakuja. Kama hayupo, unaandika wewe na unawaachia wengine. Kwa hiyo ukiona jina la mwanamuziki wetu limekosewa herufi tatu, na kosa lilelile linajirudia kwenye simu za watu kumi, fahamu kwamba kuna mtu mmoja mahali fulani, pengine hajui hata neno "habari", aliyeandika alivyosikia. Baadaye mali hiyo iliyojengwa na watu wa kujitolea ikageuzwa kampuni ya biashara, iliyokuja kuitwa Gracenote. Wengine walikasirika wakaanzisha za wazi, kama MusicBrainz ya Robert Kaye mwaka 2000. Hiyo hadithi yake peke yake ingetosha kurasa kumi, niiache.

MP3 ndiyo yenyewe. Ilitengenezwa na wahandisi wengi, lakini kitovu chake kilikuwa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, na jina linalotajwa zaidi ni Karlheinz Brandenburg. Shida waliyoikabili inahesabika. Sauti ya CD hupimwa mara 44,000 na ushee kwa sekunde, hasa ni 44,100, kila kipimo biti 16, mara mbili kwa sababu ya spika ya kulia na ya kushoto. Zidisha: biti 1,411,200 kwa kila sekunde moja. Dakika moja ya muziki inakula zaidi ya megabaiti 10. Kwa intaneti ya siku zile, wimbo mmoja ungeuanza jioni ukaukuta asubuhi bado unaingia.

Dawa yao ilikuwa kuutumia udhaifu wa sikio. Ngoma kubwa ikilia, sauti ndogo iliyo jirani nayo sikio halisikii. Basi kwa nini uihifadhi? MP3 inakata kile ambacho sikio lisingekisikia hata hivyo, na wimbo unabaki karibu sehemu moja kwa kumi na moja ya ukubwa wake. Katika kuijaribu, Brandenburg aliutumia sana wimbo wa Suzanne Vega uitwao "Tom's Diner", sauti ya mwanamke peke yake bila ala, kwa sababu sauti tupu ya binadamu ndiyo iliyoonyesha kasoro haraka. Ndiyo maana Vega huitwa mama wa MP3. Angalau yeye jina lake limeingia kwenye historia ya teknolojia hii. Kiwango chenyewe kilichapishwa mwaka 1993, na tarehe 14 Julai 1995 wale wa Fraunhofer wakakubaliana mkia wa faili uwe .mp3. Kabla ya hapo walikuwa wakitumia .bit.

Hapa sasa sikilizeni vizuri, maana ndipo niliposimama na kuzunguka chumba.

Faili la MP3 limekatwa vipandevipande vidogo sana. Kila kipande ni kama sekunde moja igawanywe mara 38. Kila kipande kina kichwa chake cha biti 32 kinachoieleza kompyuta jinsi ya kukicheza. Ndani ya biti hizo 32, moja imetengwa kwa ajili ya hakimiliki. Moja tu! Ikiwa 1, maana yake kazi hii ina mwenyewe. Ikiwa 0, haina. Iliyo jirani yake inasema kama hii ni nakala ya kwanza au ni nakala ya nakala.

Yaani wahandisi walilikumbuka suala la haki. Lakini pigeni hesabu: wimbo wa dakika nne una vipande zaidi ya 9,000. Biti ile ikiwashwa, faili linatamka zaidi ya mara 9,000 kwamba "nina mwenyewe, nina mwenyewe, nina mwenyewe", na halisemi hata mara moja kwamba mwenyewe ni nani.

Pengo hilo halikuzibwa na Wajerumani wale. Mwaka 1996, mtu anayeitwa Eric Kemp alibuni kibandiko kidogo cha maandishi cha kugandishwa kwenye mkia wa faili la MP3. Kinaitwa ID3, na kina baiti 128 kamili. Aliweka mwishoni ili programu za zamani zisichanganyikiwe, zimalize wimbo kwanza ndipo zikutane nacho. Mgawanyo wake ndio huu: herufi 3 za mwanzo zinasema TAG, herufi 30 jina la wimbo, 30 msanii, 30 albamu, 4 mwaka, 30 maoni, na baiti 1 ya aina ya muziki. Jumlisheni wenyewe, ni 128. Mwaka 1997 Michael Mutschler alimega baiti mbili kutoka kwenye maoni ili ipatikane nafasi ya namba ya wimbo.

Tazama orodha hiyo tena. Msanii yupo, albamu ipo, maoni yana chumba chake. Mtunzi hayupo. Aliyeandika mashairi hayupo, wala aliyepiga gita.

Simlaumu sana bwana Kemp. Alikuwa mtu mmoja anajaribu kutatua tatizo, akatatua kwa kile alichokuwa nacho kichwani, na kichwani mwake muziki ulikuwa ni mwimbaji mmoja au bendi moja yenye albamu. Lakini kila anayebuni fomu ya kujaza ameshaamua mapema nani atahesabiwa. Sisi watu wa ualimu tunalijua hilo kwenye fomu za usajili wa wanafunzi: kama fomu ina "jina la baba" tu, mtoto aliyelelewa na bibi atajaza nini?

Na zile herufi 30 nazo zina mambo yake. Kulikuwa na bendi ya Dar es Salaam miaka ya 1980 iliyoitwa International Orchestra Safari Sound, ile ya akina Muhiddin Maalim na Hassani Bitchuka. Hesabu herufi pamoja na nafasi: ni 36. Ukiiingiza kwenye kibandiko cha Kemp inakatika kwenye herufi ya 30, na inabaki "International Orchestra Safari". Sauti ndiyo iliyoanguka! Nilipowaonyesha wenzangu hii walicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Ile baiti moja ya aina ya muziki nayo ni darasa. Kompyuta haiandiki neno, inaandika namba, na namba ina orodha yake. Orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80. Polka ina namba yake, ya 75. Muziki wa kufoka wa Kikristo una ya 61. Hata mizaha ya kuchezea watu ina namba, ya 23. Taarab haimo, na wala rumba, benga au mchiriku hazimo. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928 wakati watu wengi waliokuja kuingia kwenye orodha ile hawajazaliwa, anatakiwa achague kati ya namba 48, yaani muziki wa makabila, namba 72, nayo ya ukabila vilevile kwa neno jingine, au namba 12, "nyingineyo". Ndiyo maana flashi nzima ya taarab ikichomekwa kwenye redio ya gari inaonekana kama vile nyimbo zote ni za kijiji kimoja.

Niseme jambo ambalo halikuwa kwenye kazi tuliyopewa. Wenzetu wa Kiswahili mnakumbuka mhadhara wa tenzi. Watunzi wa tenzi za pwani walikuwa na desturi ya kufunga kazi kwa beti za kutaja mambo ya utenzi wenyewe: nani katunga, beti ngapi, mwaka gani. Utendi wa Mwana Kupona tunaujua ni wa 1858 kwa sababu mwaka wa Hijria umo ndani ya beti zake. Wanakili walipokuwa wakinakili kwa mkono kutoka nyumba hadi nyumba, habari hizo zilisafiri pamoja na shairi kwa kuwa zilikuwa shairi. Ukizikata, vina vinakatika na kila mtu anasikia. Kibandiko cha Kemp kimekaa mwishoni kama beti zile za mwisho, na hata jina la kipimo, baiti, linafanana na ubeti. Tofauti ni kwamba hiki ukikikata wimbo unaendelea kulia kama kawaida, na hakuna anayeshtuka.

Wanamuziki wa dansi nao wana njia yao. Gita la solo likipamba moto utasikia wanaitana majina katikati ya wimbo: huyu anamwita mpiga gita, yule anamwita mpiga ngoma, wanasalimia hadi marafiki. Nilikuwa nadhani ni mbwembwe tu. Sasa naona ni ushahidi, tena ushahidi ulio ndani ya sauti, ambao hakuna fomati inayoweza kuukata bila kuukata wimbo.

Kwetu sisi pengo lile la mtunzi linauma zaidi, kwa sababu kwenye muziki wetu kazi zimegawanyika. Kwenye taarab mshairi anaweza kuwa mmoja, aliyetia muziki mwingine, na mwenye sauti wa tatu. Kwenye bendi za dansi wimbo unajulikana kwa jina la bendi, lakini ameutunga mmoja wao, pengine siye anayeimba. Mpe kibandiko chenye chumba kimoja cha "msanii" na lazima uwatupe nje wawili. Anayebaki ni yule mwenye sauti, au yule mwenye bendi.

Kuna watakaosema, mbona zamani ilikuwa vizuri, santuri ziliandikwa mtunzi kwenye mabano chini ya jina la wimbo. Ni kweli, lebo ya santuri ilikuwa na mahali. Ila mahali kuwepo ni jambo moja, na ukweli kuwekwa hapo ni jambo jingine kabisa.

Chukueni "Mbube". Solomon Linda, Mzulu, aliurekodi mwaka 1939 na kikundi chake cha Evening Birds katika studio ya Gallo, Johannesburg. Haki zake aliziachia kwa shilingi 10. Santuri ikafika Marekani, ikaangukia mikononi mwa Pete Seeger, na kikundi chake cha The Weavers kikautoa kwa jina la "Wimoweh", jina lililotokana na jinsi Seeger alivyolisikia neno la Kizulu. Mtunzi aliyeandikwa alikuwa "Paul Campbell". Nani huyo? Hakuna mtu wa jina hilo! Lilikuwa jina la kubuni, walilotumia The Weavers na wachapishaji wao kukusanyia malipo ya nyimbo za asili walizodhani hazina mwenyewe. Mwaka 1961 The Tokens wakautoa upya kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", ukashika namba moja Marekani, sasa ukiwa na majina mengine ya watunzi. Linda alifariki mwaka 1962, maskini. Mwaka 1994 wimbo ukaingia kwenye filamu ya The Lion King.

Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan aliianika hadithi yote kwenye jarida la Rolling Stone. Mawakili wakagundua mlango kwenye sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini: miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, haki alizouza zilirudi kwa warithi wake. Linda kafa 1962, ongeza 25, ni 1987. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, na Februari 2006 wakaafikiana: binti zake wapate fungu lao, na Solomon Linda atajwe kuwa mmoja wa watunzi. Miaka 67 tangu siku ile ya studio. Mimi hapa kilichonishika si pesa zaidi ya ule mwaka 1961. Mtu yupo hai, ana jina, ana familia, na wimbo wake unapigwa duniani kote ukiwa na majina ya watu wengine kwenye lebo.

Na "Malaika" je? Huo uko karibu na sisi. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi ukajulikana, na aliutetea kama wake hadi alipofariki mwaka 2001. Lakini alikuwepo Adam Salim, Mtanzania, aliyedai kuutunga miaka ya 1940 akiwa Nairobi, na wapo wanaomwamini. Kati ya faili za "Malaika" tulizokusanya, moja imeandikwa Miriam Makeba, nyingine Boney M. Zote mbili zinasema kweli, maana hao kweli waliuimba, Makeba akiwa na Harry Belafonte kwenye albamu ya 1965, Boney M mwaka 1981. Ila mtoto wa Kidato cha Nne akisoma "Msanii: Boney M" ataondoka darasani akijua nini? Mimi nimependekeza kikundi tuandike waimbaji, halafu tuandike wazi kwamba utunzi wake una mgogoro, na wa nani na nani. Mmoja wetu anasema tutawachanganya wanafunzi. Mimi nasema hiyo ndiyo historia yenyewe, tuwachanganye. Bado tunabishana.

Turudi kwenye faili. Mwaka 1998 ilitoka ID3 ya pili, kazi ya akina Martin Nilsson wa Sweden. Hii ilihamia mwanzoni mwa faili, na ina vyumba tele: mwimbaji kivyake, mtunzi kivyake, mwandishi wa mashairi kivyake, hakimiliki, hadi picha ya kasha. Urefu wa jina si tatizo tena, Safari Sound imepata sauti yake. Karibu kila faili la MP3 tulilonalo leo linaweza kumbeba mtunzi. Nilizikagua zile 23 kwa programu ya kuhariri vibandiko: chumba cha mtunzi kipo kwenye 17, na vyote 17 vitupu. Mazoea yameshakuwa sugu. Anayechoma, anayepakia, anayekuwekea nyimbo kwenye memori kadi, wote wamezoea sehemu mbili, wimbo na msanii. Hata hati miliki za MP3 zenyewe zimeshaisha, Fraunhofer walisitisha mpango wao wa leseni Aprili 2017, lakini mazoea ya zile baiti 128 hayajaisha.

Kwenye picha nitapita haraka. Kamera za dijitali zina kibandiko chao, Exif, kilichotoka Japani mwaka 1995, chenye chumba cha mpiga picha na chumba cha hakimiliki. Afadhali kidogo. Lakini ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa upya na maelezo hayo yanaondolewa. Ukitaka yabaki, itume kama hati, siyo kama picha. Jaribuni leo muone.

Na wataalamu wa picha wasitucheke sisi wa muziki. Mwaka 1973, katika chuo kikuu cha Southern California, Alexander Sawchuk na wenzake walihitaji picha ya kujaribia mitambo yao, wakaskani kipande cha pikseli 512 kwa 512 kutoka gazeti la Playboy la Novemba 1972. Picha ile ya dada aliyevaa kofia ikaitwa "Lena", na kwa miongo kadhaa karibu kila aliyejaribu njia ya kubana picha aliitumia. Imo kwenye makala za kitaaluma zisizohesabika. Aliyeipiga anaitwa Dwight Hooker. Makala hizo zinataja kila rejea mpaka namba ya ukurasa, na yeye mara nyingi hayumo. Dada mwenyewe alikuja kuomba picha yake istaafishwe, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 chama cha kompyuta cha IEEE kikaacha kupokea makala zinazoitumia. GIF nayo ina ugomvi wake, ule wa hati miliki ya Unisys. Siku nyingine.

Sasa mtu ataniuliza, na kweli kaniuliza jana foleni ya chakula: jina lina faida gani kama hela hailipwi? Nina majibu mawili. La kwanza ni la sheria. Mwaka uleule wa 1928 Siti alipokuwa akirekodi Bombay, nchi zilizoshiriki Mkataba wa Berne zilikutana Roma zikaongeza kifungu kwamba mtunzi ana haki ya kudai kutajwa, hata kama ameshauza haki za pesa. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1994, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inaitambua haki hiyo. Hela ni kitu kimoja, jina ni kingine.

La pili ni la watu wenyewe, na hili lilinigusa zaidi. Mwaka 2001 ilianzishwa Creative Commons, na mwishoni mwa 2002 wakatoa leseni za kuruhusu watu kutumia kazi yako bila kukuomba. Mwenye kazi alichagua masharti mwenyewe: nitajwe au nisitajwe, wafanye biashara au wasifanye, wabadilishe au wasibadilishe. Mwaka 2004 walipotengeneza toleo la pili waliangalia takwimu zao wakakuta kati ya asilimia 97 na 98 ya watu wamechagua sharti la kutajwa. Wakaliingiza kwenye leseni zote sita, likawa si la kuchagua tena. Hawa ni watu walioamua kutoa kazi bure kabisa. Pesa waliiachia, jina hawakuliachia.

Hapa chuoni tuna madesa. Desa linatoka kwa mtu aliyekesha akilifupisha, linatolewa kopi, linapita bweni hadi bweni, mwaka hadi mwaka, na jina la aliyelitengeneza ndilo linalokatwa la kwanza ili ukurasa utoshe. Sisemi zaidi, mnanielewa.

Kikundi chetu tumekubaliana hivi. Kila sauti itakuwa na mstari wake: mtunzi, mwandishi wa mashairi kama ni mwingine, mwimbaji, bendi, mwaka na mahali iliporekodiwa, na tumeipata wapi. Pasipojulikana tunaandika "bado tunatafuta", siyo "hajulikani", maana mtu aliyetunga wimbo unaopigwa kila harusi anajulikana, ni sisi hatujamuuliza anayemjua. Nimeanza kujaza vyumba vile 17. Mpaka leo nimejaza vinne, kwa msaada wa mzee mmoja anayetunza kaseti na santuri zake tangu ujana.

Kwa hiyo naomba msaada. Mkienda nyumbani likizo hii, kama babu au mjomba ana santuri za zamani kwenye kabati, piga picha lebo ya katikati, pande zote mbili, maandishi ya kwenye mabano yasomeke. Nitumieni, kama hati lakini! Mkiandika mumeitoa kwa nani nitashukuru zaidi, maana na yeye ana mstari wake.